Na nyinyi, kwenu mnakula nini?

Maneno yaliyosemwa na mhamasishaji mmoja katika mkutano wa familia za wakimbizi wa ndani, wenyeji waliowapokea, mashefu na komite za amani, Kalemie, jimbo la Tanganyika

  

Mmezoea kwamba mkutano kama huu unaanza na maneno makubwa: amani, mapatano, maendeleo. Leo tunataka kusema maneno madogo. Tutaongea juu ya sombe, juu ya bidoni za maji, juu ya redio na juu ya mpira. Msifikiri kwamba tumekosa habari ya kuwaletea. Tuna sababu, na tutaieleza.

SWALI LA MAMA MMOJA

Miezi michache iliyopita tulikuwa katika kazi yetu ya kuandikisha familia. Tulifika kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagi. Tukamwuliza maswali yetu ya kawaida. Jina, umri, kijiji alichotoka, mwaka aliokimbia. Watu wangapi nyumbani, wangapi wagonjwa, wangapi wanasoma. Shitingi iko au haiko. Sufuria ngapi. Alitujibu yote bila kuinua macho, kama mtu aliyejibu maswali hayo mara nyingi.

Tulipofunga daftari, akaweka ungo chini. Akasema:

"Wanangu, nyinyi mnakuja hapa tangu siku nyingi. Mnajua nina sufuria ngapi. Mnajua mume wangu alikufa mwaka gani. Na nyinyi, kwenu mnakula nini?"

Tukacheka kidogo. Tukamjibu, "Mama, tunakula kama watu wote."

Akasema, "Hilo si jibu. Kama mimi ningewajibu hivyo, mngeandika nini kwenye karatasi yenu?"

Hatukuwa na la kusema. Tulipanda pikipiki yetu tukaenda, lakini swali lilitufuata mpaka nyumbani. Tuliona kwamba mama yule ana haki. Sisi tulijua kila kitu anachokosa, na hatukujua kitu hata kimoja anachopenda. Yeye naye hakujua lolote juu yetu, isipokuwa rangi ya kizibao chetu cha kazi. Watu wanaojuana kwa orodha tu, hao bado hawajajuana.

Mama huyo yuko hapa leo, ameketi upande wa mlango. Mama, jibu lako tumelileta. Tunaomba na wengine walisikilize.

NYUMBANI KWETU

Nyumbani kwetu tuko watu tisa: baba na mama wa nyumba, watoto wanne, bibi yao, na wapwa wawili ambao wazazi wao hawapo tena. Nyumba ni ya matofali mabichi, ya vyumba vitatu, na bati lake linatoboka mahali palepale kila mwaka. Ziwa haliko mbali. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda, yalifika hatua chache tu kutoka choo chetu, na kwa majuma mengi tulilala sikio moja likiwa nje.

Tunakula mara moja kwa siku, jioni, na siku nzuri mara mbili. Asubuhi watoto wanakunywa uji kama unga uko. Jioni ni bugali. Na hapo ndipo siasa ya nyumba yetu inaanzia. Mama wa nyumba alizaliwa Lubumbashi. Kwake jina la chakula hicho ni bukari, na ni cha mahindi meupe. Sisi tulizaliwa kando ya ziwa hili. Kwetu ni bugali ya muhogo, inayovutika mkononi. Tangu tulipooana tumebishana juu ya jambo hilo. Mwishowe tulifanya mapatano: unga tunachanganya. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeshinda.

Tunapenda ndakala wabichi, wanaopikwa na nyanya na kitunguu, bila mambo mengi. Wale mliokuja kutoka mbali na ziwa, jifunzeni hesabu hii. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa za wavuvi haziwavuti samaki vizuri, basi wengi hawaingii ziwani, na bei ya ndakala sokoni inapanda. Giza likirudi, bei inashuka. Kwetu watoto wanaangalia mwezi ili kujua watakula nini. Mwezi ukijaa, tunakula sombe.

Na sombe ya bibi, mama mzazi wa mke wetu, ndiyo sombe. Anaitwanga mwenyewe kwenye kinu, hataki ile ya kusagwa kwa mashine. Anaichemsha mpaka ule ukali wa majani mabichi uishe, halafu mawese, halafu karanga zilizosagwa. Hatii sukari, na mtu akimwambia kwamba kuna wanaotia, anauliza kama wazazi wa mtu huyo bado wako hai.

Tunapanda lenga-lenga kwenye mabeseni ya zamani yaliyopasuka, nyuma ya nyumba. Hayo ni mapenzi yetu sisi baba wa nyumba. Tukirudi kutoka kazini tumechoka na habari mbaya, tunakwenda kwanza kumwagilia lenga-lenga. Watoto wanasema tunaongea nayo. Ni kweli.

MAMBO TUNAYOBISHANA

Mtu wa kawaida ana mawazo yake, na sisi tunayo yetu. Tutawaambia matatu.

La kwanza: tunaona kwamba mwanaume anaweza kuchota maji. Mwaka mmoja bomba la avenyu yetu lilikauka, na mama wa nyumba alikuwa na mimba kubwa. Tukafunga bidoni tatu kwenye baiskeli, tukaenda kusimama mstarini pamoja na wamama. Wanaume wa avenyu walitucheka. Mmoja akauliza kama mke wetu ametuoa. Juma la tatu, yeye mwenyewe tulimkuta mstarini, ameinamisha kofia. Hatukusema neno. Tulimwachia nafasi mbele yetu tu.

La pili: tunaona kwamba redio ni ya watu wote wa nyumba. Zamani kwetu redio ilikuwa ya baba. Saa ya habari watoto walinyamaza, kisha redio ilirudi kabatini. Sasa tumepanga zamu. Habari ni zetu, mahubiri ni ya bibi, na saa ya jioni ni ya watoto. Ikibaki betri, tunasikiliza rumba. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zetu mbili katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Bibi alipoambiwa habari hiyo aliuliza kwa nini walichelewa.

La tatu ni mpira, na hapa hakuna mapatano. Baba yetu mzazi alifanya kazi ya reli. Watu wa reli walipenda Lupopo, timu wanayoiita ya washeminoo. Basi tulirithi Lupopo pamoja na taa ya mkono na koti moja la mvua. Mama wa nyumba ni wa Mazembe mpaka kwenye mifupa. Anatukumbusha mwaka 2010, Mazembe ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu, kule Abu Dhabi. Tunamjibu kwamba walifungwa 3-0 na Inter. Anasema, "Na Lupopo walifungwa ngapi siku ile?" Tunanyamaza, kwa sababu Lupopo hawakuwako.

Hayo ndiyo maisha yetu. Mnaweza kucheka. Tulitaka mjue kwamba yule anayekuja kwenu na daftari naye anagombana juu ya unga, anaogopa mvua, na timu yake inafungwa.

KOSA LETU

Sasa tunafika kwenye neno zito. Tungependa kulificha, lakini haifai kuwaomba nyinyi mseme kweli huku sisi tunaficha yetu.

Mwaka 2017, wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba, familia nyingi zilikimbilia Kalemie. Sisi tulipokea familia moja: mama na watoto watatu. Tuliwapa chumba. Tuliona kwamba tumefanya vizuri, na majirani walitusifu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tuliwapa siku hiyohiyo ya kwanza, na tulikuwa wakarimu sana wa kusema "karibuni".

Lakini walikuwa na sufuria yao na sisi yetu. Saa yao ya kupika ilikuwa baada ya yetu, kwa sababu mbabula ilikuwa moja. Na tulipoongea juu yao hatukutaja majina. Tulisema "wadeplase". Wadeplase wameamka. Wadeplase wametumia maji. Ambieni wadeplase wapunguze kelele.

Mtoto wao mdogo alikuwa na miaka kama mitano. Siku moja mgeni alifika uani, akamkuta anacheza na vifuniko vya chupa. Akamwuliza, "Wewe mtoto, unaitwa nani?" Mtoto akasimama vizuri, kama mtu anayejibu mwalimu, akasema, "Ninaitwa Mdeplase."

Hakuwa anafanya mchezo. Miezi saba katika nyumba yetu, na hilo ndilo jina alilosikia.

Mama yake alilisikia akiwa kwenye kinu. Aliacha kutwanga. Hakutulaumu. Alimwita mtoto kwa jina lake, jina ambalo sisi tulikuwa tunalisikia kwa mara ya kwanza, akampangusa mavumbi, akarudi kutwanga. Jioni ile tulikaa na mama wa nyumba, hatukuweza kutazamana. Sisi ndio tuliokuwa tukienda kila asubuhi kufundisha watu kuishi pamoja.

Kesho yake bibi ndiye aliyetuonyesha njia. Alichukua sombe yake akaenda nayo kwa mama yule, akamwambia, "Mwanangu, onja, niambie kwenu mnafanyaje." Mama yule akaonja. Akasema, kwa heshima nyingi, kwamba kwao karanga hawatii, na chumvi wanatia mwisho. Bibi alikasirika. Walibishana juu ya karanga mpaka usiku, na siku ile ndiyo tulianza kupika katika sufuria moja. Siku moja na karanga, siku moja bila karanga.

Angalieni jambo hili. Miezi saba tulimpa mama yule chumba, unga na huruma, na alibaki mgeni. Alipopewa nafasi ya kusema "mimi sipendi hivi", akawa mtu wa nyumba.

MZEE KIDIABA

Tuna habari nyingine, ya karibu zaidi. Baadhi yenu mlikuwako.

Mwezi wa pili mwaka 2024, Leopards wetu walikuwa katika Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire. Kijana mmoja wa kartiye alikuwa na televisheni na jenereta, akafungua kibanda karibu na kambi. Watu walikuja wa pande zote: wenyeji na wakimbizi, Waluba na Watwa, kila kundi na ukuta wake. Siku ya tarehe 2, mchezo ulikuwa na Guinea. Guinea walitangulia kufunga, na kibanda kikawa kimya. Halafu Mbemba akarudisha.

Hapo mzee mmoja Mtwa, mtu ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake katika mkutano wowote, aliketi chini katikati ya kibanda, akanyoosha miguu, akaanza kuruka kwa makalio, pu pu pu, kama alivyokuwa akifanya Kidiaba, golikipa wa Mazembe. Watu walicheka hadi machozi. Vijana wa Kiluba wakamwinua, wakamwomba arudie. Tulishinda 3-1, na yeye alirudia mara tatu. Tangu siku hiyo jina lake lilikuwa Mzee Kidiaba. Ilijulikana kwamba alimpenda golikipa huyo tangu mwaka 2010, kwa kusikiliza redio, bila kumwona hata mara moja.

Siku tano baadaye, tarehe 7, tulikutana tena kwa nusu fainali. Mnakumbuka wimbo wa taifa ulipopigwa. Wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia kwamba watu wa mashariki ya Kongo wanakufa na hakuna anayesema. Ndani ya kibanda hakuna aliyesema Mluba wala Mtwa. Tulifungwa 1-0, na watu walirudi nyumbani bila kelele.

Majuma machache baadaye, kijana mmoja wa kartiye aliyekwenda kuchoma makala hakurudi. Jua lilipozama, uvumi ulikuwa umeshafika: ameuawa, na Watwa wa kambi ndio waliomuua. Vijana walikusanyika na mapanga. Kibanda kimoja pembeni kilikuwa kimeshabomolewa. Bwana shefu alikuwa njiani, hajafika. Sisi tuliita watu kwa simu, na hakuna aliyetusikiliza.

Ndipo kijana mmoja katika kundi akasema, "Ngojeni. Tumwulize kwanza Mzee Kidiaba."

Neno lake lilikuwa hilo tu. Wengine walikataa, wengine wakasema, haya, tumwulize. Wakaenda. Mzee alitoka nje anatetemeka, akawaambia kwamba wachoma makala wawili aliwaona mchana upande wa mto, wazima, na kwamba mto ulikuwa umejaa kwa mvua. Maulizo hayo yalichukua saa moja hivi. Katika saa hiyo shefu akafika pamoja na wazee. Kijana alirudi asubuhi, na matope mpaka kiunoni. Alikuwa amengoja maji yapungue.

Tunataka kusema kweli yote. Kibanda kilichobomolewa hakijalipwa mpaka leo, na tumeomba komite isilisahau jambo hilo. Aliyezuia damu hakuwa sisi, wala semina zetu. Alikuwa kijana aliyekumbuka kwamba upande wa pili kuna mtu mmoja anayependa kitu anachokipenda yeye.

MTATUAMBIA: LAKINI WATU WALIOJUANA WALIUANA

Baba mmoja alikwisha kutuambia neno hili, na hatulidharau. Alisema, "Sisi tuliishi pamoja, tulikunywa pamoja, tulioana. Kisha walituchomea nyumba. Mnatuambia nini juu ya sombe?"

Baba, ni kweli. Kujuana hakuzuii bunduki. Kujuana hakurudishi shamba lililochukuliwa, wala hakuondoi dharau ya miaka mingi. Mwaka 2016, hapa Tanganyika, ugomvi juu ya ushuru wa viwavi ulikuwa moja ya cheche zilizowasha moto. Viwavi ni chakula, ni mboga ya watu. Kama mtu anaingia porini kutafuta mboga ya watoto wake na mwingine anamdai ushuru asioukubali, hatuwezi kumwambia "pendaneni tu". Yapo mambo ya haki, na ni ya mashefu, ya mabaraza, ya mahakama na ya serikali. Tutaendelea kuyadai.

Lakini uvumi haungoji mahakama. Uvumi unafika saa moja ya usiku, na unataka jibu kabla ya saa mbili. Katika saa hiyo moja kinachosaidia ni kile watu wanachokijua tayari wao kwa wao. Usiyemjua kabisa ni rahisi kuamini juu yake neno lolote. Unayejua kwamba anapenda Kidiaba, au kwamba anagombana na mkewe juu ya karanga, huyo angalau utamwuliza kwanza. Hatuwaahidi zaidi ya hilo. Lakini saa moja inaweza kuwa nyumba ishirini.

TUNACHOWAOMBA

Kwanza, nyinyi familia zilizokimbia. Msione aibu kuwa na mambo mnayoyapenda. Tunakutana na watu wanaofikiri kwamba mkimbizi akicheka, au akipenda nguo ya rangi fulani, watu watasema hana shida na jina lake litaondolewa kwenye orodha. Hapana. Aliyekimbia alikimbia na ulimi wake, masikio yake na moyo wake. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, katika Kanuni ya 17, zinasema kwamba kila mtu ana haki maisha yake ya familia yaheshimiwe. Maisha ya familia hayaishii kwenye shitingi. Ni pamoja na nani anapika, mnaimba nini jioni, na mtoto anaitwa jina gani.

Pili, nyinyi wenyeji. Wengi wenu mliwapokea watu mwaka 2017, na wengine mmewapokea tena mwaka 2025, walipofika kutoka Kivu. Mmegawa vyumba vyenu na maji yenu, na mara nyingi hakuna aliyewashukuru. Sisi tunawashukuru. Tunawaomba jambo moja ambalo haligharimu franga: ulizeni majina, na ulizeni kwao wanapikaje. Na mkubali kuambiwa kwamba sombe yenu ina chumvi nyingi.

Tatu, bwana mashefu na wanakomite. Mkutano wa baraza mara nyingi unaanza na malalamiko, na kila mtu anakaa upande wa kabila lake. Jaribuni kuanza na swali moja dogo: nyumbani kwako mnapenda nini? Mwulizeni mwenyeji kama mnavyomwuliza mgeni. Shefu naye ajibu, na ajibu wa kwanza. Mtu asiyetaka kusema aachwe. Yupo ambaye kila kitu alichokipenda kilikufa, na kumlazimisha ni kumfungua kidonda. Na majibu hayo yasiandikwe popote. Watu wameandikwa vya kutosha.

Nne, sisi wenyewe wahamasishaji. Tumeahidiana kwamba hatutamwuliza mtu jambo ambalo sisi hatuko tayari kulijibu.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA

1. Ni nani jirani yako ambaye unajua kabila lake lakini hujui anapenda nini?

2. Nyumbani kwako, kuna mtu anayeitwa kwa shida yake badala ya jina lake?

3. Uvumi ukifika usiku wa leo, upande wa pili utamwuliza nani? Na wao watamwuliza nani upande wako?

Ndugu zetu, tumemaliza. Tumalize na mama yetu aliyetuletea swali.

Mama, tulipofika hapa asubuhi tulikuambia kwa ufupi yale tunayokula, na wewe ulitusikiliza. Kisha tukakuuliza wewe unapenda nini. Ulifikiri kidogo, ukasema, "Mimi napenda kuamka kabla ya watu wote, niwashe moto, nikae peke yangu, nisikie wengine wanalala." Ukatupa ruhusa tuyaseme maneno hayo hapa.

Tumefanya kazi hii miaka mingi, na daftari zetu zimejaa. Habari kama hiyo hatukuwahi kupata ndani yake. Na tunadhani wengi mlioketi hapa, wa kambi na wa kartiye, mnapenda jambo hilohilo.